Bunduki Ndogo ya Mieta Koopman

Vijana wa mji wetu wakitaka kununua bunduki ya kwanza humwendea Mieta Koopman, anakomenya viazi kwenye jiko la bweni la shule. Wanamkuta kisu mkononi, ndoo kati ya magoti, na kabla hata ya salamu kwisha wanaanza: "Shangazi, nianze na ipi? Ya sungura na pimbi, na mbweha akijipendekeza."

Mieta hawajibu habari za tundu wala baruti. Anawauliza, "Mdomo unao?"

Wanacheka.

"Nakuuliza wewe. Siku utakayomjeruhi mnyama akakukimbia, utaweza kwenda kubisha hodi kwa watu ukasema? Kama huwezi, kanunue manati."

Wengi huondoka wakinong'ona kwamba mama yule moshi wa jikoni umempanda kichwani. Wangejua anachokisema wangevua kofia.

Mieta alizaliwa shambani, lakini shamba la watu. Baba yake, Dawid Koopman, alichunga kondoo wa mzungu huko nyuma ya milima mpaka magoti yakakataa. Kila Ijumaa mwenye shamba alimkabidhi bunduki ndogo ya tundu la ishirini na mbili na kiganja cha risasi akawapunguze kamendegere, wale panya wakubwa warukao, waliokuwa wakichimbua majani ya mifugo. Mikia ilikuwa ya bwana, ya kuhesabia, nyama ilikuwa ya Dawid. Kwa nyama hiyo Mieta na kaka yake Floors walikua, na mlio ule mdogo wa bunduki jioni ya Ijumaa ulikuwa kwao habari njema kuliko kengele ya kanisa. Dawid alikufa hana kondoo wala bunduki. Aliacha kofia.

Kwa hiyo halmashauri ilipofungua malisho ya mji kwa watu wa mtaani kwetu, Mieta alikuwa wa kwanza kuomba kipande. Aliacha kazi ya jikoni, hii aliyoirudia baadaye, akanunua kondoo majike, na kwa mara ya kwanza katika ukoo wa Koopman mtu akasimama langoni akasema "kondoo wangu" bila kudanganya. Alilisema neno hilo hata pasipo na haja. Mtu akimuuliza saa ngapi, anajibu kondoo wangu bado hawajanywa maji. Tulimcheka, lakini tulimwelewa.

Mbweha nao walielewa kwamba mifugo imeletwa. Ikabidi Mieta apate bunduki, na kwa mkoba wake ilikuwa bunduki moja basi, hakuna kubahatisha.

Jirani yake alikuwa Mjomba Apie Jaftha, mzee aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote mpaka mgongo ukabaki umeinama hata akiwa amesimama. Alikuwa na mbwa wa rangi ya vumbi aliyeitwa Basie, yaani Bwana Mdogo. Ukimuuliza kwa nini jina hilo, mzee alisema ametii mabwana tangu utotoni, na kabla ya kufa anataka awe na bwana mmoja anayemtii yeye. Basie alimtii kweli. Mzee alikuwa haoni vizuri kwa mbali, na mbwa ndiye aliyemhesabia kondoo.

"Chukua bunduki kubwa, Mbili-Mbili-Mbili kama yangu," Mjomba Apie alimwambia Mieta. "Sungura utampata, na mbweha ukimgonga hatasimulia."

Floors alikuwa amekaa juu ya ukuta, sigara mdomoni. Alikuwa mtu wa mzaha, na kama watu wote wa mzaha alipenda kuonekana anajua. Alikuwa amezing'oa risasi mbili kwa koleo, moja ya bunduki ndogo na moja ya ile ya mzee, na sasa akavilaza vile vichwa viwili kwenye kiganja cha dada yake.

"Pima mwenyewe, Dada. Unene ni mmoja, shimo ni moja. Kilichozidi ni ganda, na ganda linabaki chini. Ununue ganda la nini?"

"Ganda ndilo lenye mbio," mzee akasema. "Punda ana miguu minne na farasi ana miguu minne. Ukifukuzwa, utapanda yupi?"

"Mimi anayenifukuza ni mke wangu tu, Mjomba, na yeye hata kwa punda namwacha."

Wakacheka wote, Mieta zaidi. Lakini uamuzi alikuwa keshaufanya, na haukutoka kwa Floors. Dukani aliishika ile kubwa, akaona ni chuma. Alipoishika ishirini na mbili alisikia Ijumaa jioni. Basi akaitwaa.

Na kwa kipindi kizuri ilimfaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa baba yake. Pimbi walianguka kutoka kwenye mawe, sungura wakaingia chunguni, majirani wakaletewa mapaja. Watani walisema bunduki ya Mieta inapiga chafya, naye akawajibu kwamba chafya hiyo ndiyo wanayoitafuna. Alijisifu, tuseme ukweli. Alisema mbweha naye atakuja kupata dawa yake.

Sasa, malisho yetu yalikuwa na amri moja ya kale kuliko halmashauri, na kila aliyepewa kipande aliambiwa siku ya kwanza. Ukimjeruhi mbweha akaondoka na jeraha, siku hiyohiyo unapita lango kwa lango kutangaza. Watu wanaacha kazi, mbwa wanafunguliwa, damu inafuatwa mpaka mnyama amalizwe. Kwa sababu mbweha mzima hula panya, sungura, hata matunda. Mbweha kilema hawezi kukimbiza chochote, kinachobaki kwake ni wanakondoo. Anayejeruhi akanyamaza, kondoo wake wanatolewa nje ya uzio wala hawarudi.

Msimu wa kuzaa ulipofika mbweha alichukua wanakondoo wawili wa Mieta. Alfajiri moja yeye na Floors wakajilaza nyuma ya mawe meusi karibu na mzoga wa mwanakondoo. Jua halijatoka vizuri, mbweha akaja. Alisimama mbali kidogo kuliko Mieta alivyopenda. Baba yake angengoja. Floors akamgusa bega, "Piga, Dada, ataondoka," naye akapiga.

Mbweha akaruka, akazunguka kama anayeng'atwa na nyuki, akakimbia kichwa kimeinama. Walipofika pale walikuta damu juu ya jiwe, na katikati ya damu kipande cha mfupa chenye meno mawili.

"Taya," Mieta akasema. "Twende tukatangaze."

"Tukatangaze nini?" Floors akamshika mkono. "Kwamba bunduki yako imepiga chafya? Watakucheka mpaka Krismasi. Na huyu anakufa tu, taya limekwenda, atakula nini? Kesho ni chakula cha kunguru."

Mieta alitazama upande wa lango la kwanza, lango la Mjomba Apie. Moshi wa kahawa ulikuwa umeanza kupanda. Alijiambia atakwenda baada ya kuwanywesha kondoo. Alipowanywesha akajiambia jioni. Jioni akajiambia mnyama keshakufa.

Hakufa. Alifanyaje hata akala, Mungu ndiye ajuaye, lakini aliishi. Wiki iliyofuata wanakondoo walianza kukutwa kwenye vipande vya watu mbalimbali, na walikutwa hai. Mbweha hukamata koo, akamaliza kazi. Hawa walikuwa wameraruliwa nyuma, mapaja na tumbo, wamelala wanatetemeka huku mama zao wamesimama juu yao. Watu walilia. Mieta alichinja wake kwa kisu kile cha viazi, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja alijua ni nani aliyemuua.

Tukakutana kwenye pampu ya upepo. Kila mtu alisema lilelile: kung'ata nyuma ni kazi ya mbwa. Kisha mmoja akasema amemwona Basie ana damu puani.

"Basie amelamba mzoga," Mjomba Apie akasema. "Mbwa gani halambi?"

"Mjomba, hatukulaumu. Lakini mbwa wengine wote hufungwa mnyororo. Wako hulala bila mnyororo."

Mzee akamtazama Basie aliyekuwa amekaa juu ya viatu vyake. Amri ya mbwa anayeuma kondoo ilijulikana na hakuna aliyehitaji kuitamka. Mieta alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, machache tu: nilimjeruhi mbweha. Akawatazama kondoo wake waliokuwa wakinywa upande wa pili wa uzio. Aliona lango likifunguliwa, wakitolewa barabarani. Alimwona baba yake na kofia. Akaufunga mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kifo kilianza na asiye na maradhi.

Alasiri Mjomba Apie alikuja kwake, na Basie nyuma yake, anatikisa mkia kwa sababu Mieta alizoea kumpa mifupa ya sungura.

"Binti yangu, nina ombi. Ile bunduki yangu itampasua Basie vipande. Nataka nimzike akiwa mzima. Hii yako ndogo ndiyo inayofaa kwa kazi hii."

"Chukua, Mjomba."

"Siwezi. Macho haya. Nikikosea atateseka. Wewe una mkono mwepesi."

Mieta alisema "Mjomba," akasema tena "Mjomba," na mzee alidhani ni huruma. Akapiga goti, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili, akamnong'oneza jambo. Kisha akaondoa mikono. Mieta alifanya alichoombwa, tena alikifanya vizuri kupita kazi yoyote aliyowahi kuifanya na bunduki ile. Basie hakusikia kitu. Mzee akamshukuru. Alimshukuru! Akambeba mbwa wake kifuani mwenyewe, mgongo umeinama, akakataa kusaidiwa.

Siku ya pili yake wanakondoo watatu wakakutwa wameraruliwa.

Hapo tukajua Basie hakuwa na kosa. Mjomba Apie alichukua bunduki yake akakaa milimani, nusu kipofu, akila mkate mkavu, mpaka mbweha alipomjia karibu kabisa, amekonda, anatokwa na usaha mdomoni. Akampiga kwa ile kubwa, na mbweha hakusimulia.

Mieta alikuwa langoni alipomwona mzee anakuja peke yake. Hakuleta mzoga. Alileta taya la chini, amelifunga kwenye leso, akaifungua leso juu ya nguzo ya lango. Upande mmoja haukuwa na meno. Ndani ya mfupa kulikuwa na donge la kijivu, risasi laini tupu isiyo na koti la shaba. Kwenye malisho yale yote bunduki inayokula risasi ya namna hiyo ilikuwa moja.

"Ulimpiga lini?"

"Kabla wanakondoo hawajaanza kuraruliwa, Mjomba."

"Kabla ya Basie?"

Mieta alitikisa kichwa kukubali. Alitaka mzee amtukane, ampige, aite watu. Mzee alikunja leso yake pole pole akairudisha mfukoni, taya akaliacha pale juu ya nguzo.

"Bunduki haina kosa," akasema. "Hata ndogo. Ungekuja tu ukaniambia, mimi na Basie tungempata kabla ya chai." Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa malango. "Nenda ukatangaze. Anza na la mbali. Langu umeshafika."

Akageuka akashika njia ya kwake. Alipofika penye mawe meusi, pale ambapo Basie alizoea kubaki nyuma kunusanusa mashimo ya pimbi, alisimama, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Akangoja. Mieta alimwona akingoja. Kisha mzee akakumbuka, akavifuta vidole kwenye suruali, akaendelea kutembea.