Bitambaa ya Barière

Hapana, sitaiondoa kwa jua. Bitambaa ya mujukuu wangu itakaukia hapa hapa, mbele ya batu. Nikisikia hii harufu ya sabuni na jua, naona tena ile barière ya basoda, kizuizi ku njia ya Musienene, wakati ya vita.

Nilikuwa mutoto, nimeona mwezi yangu ya kwanza. Shangazi alikata kikwembe yake ya ndoa, akanifungia bitambaa sita. Bila ile, ningefungiwa ku nyumba kama dada yangu, mwenye alikuwa anaikala siku ine juu ya majani ya ndizi.

Siku tulifika ku barière na shangazi, musoda mumoja akafungula mufuko yetu. Sauti yake aliitosha ndani ya tumbo:

«Bitambaa muzuri! Tutapangusia bunduki!»

Miye nikaangalia bidole ya miguu yangu. Shangazi, na kasauti kake kembamba kama ya kuku ya kutaga, akajibu:

«Hapana, kaka yangu. Ni ya huyu mutoto. Ameanza kuona damu.»

Bamama bote ku mustari bakageuka kutuangalia. Musoda akacheka, akaita benzake:

«Mukuye muone! Huyu mama hana haya!»

Shangazi alikuwa anamufika ku kifua tu, lakini akamusogelea. Miye nikainua kichwa, nikasimama sawa mutu mukubwa. Kwa ile neno shangazi alimuambia, musoda alirudisha bitambaa yote sita, akafungula barière yeye mwenyewe. Shangazi alimuuliza tu:

«Na mama yako, ye alikuwa anavaa nini?»