Siku Bibi Alipobeba Mkoba Wangu

Sisi tuliokulia Tanga na kwenda shule pekupeku tulijua kucheza. Tulicheza rede mpaka magharibi, tukala mabungo na ukwaju mpaka meno yakaingia ganzi. Wajukuu zangu hapa Mesquite, huku ughaibuni, wakitembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari tu, wanalalamika miguu inauma.

Kuigiza tulifundishwa na bibi yangu, Bi Mwajuma. Enzi za Mwingereza, wanaume walipokuwa wakivaa magauni na kujipaka wanja ili waigize wanawake, yeye alipanda jukwaani mwenyewe kwenye ukumbi wa mtaa, bila malipo. Siku moja alimwigiza Bwana DC mbele ya Bwana DC mwenyewe: kofia ya kizungu, masharubu ya masizi, na Kiswahili kile cha "wewe kuja hapa". Watu walivunjika mbavu. Lakini wapo waliomwita mhuni, na jina hilo halikumtoka hata alipozeeka.

Nikiwa darasa la tano, shule iliandaa mchezo siku ya wazazi. Bibi akaja na kanga mpya, akakaa mbele kabisa. Nikasahau maneno yangu. Akanitajia palepale alipokaa, kwa sauti yake ya jukwaani, ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Tulipotoka, wenzangu wakanizunguka.

"Yule bibi ni nani wako?"

"Mtumishi wetu," nikajibu.

Sikujua kwamba amesimama nyuma yangu. Hakukunja uso. Aliinamisha kichwa, akalegeza mabega, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia: "Bi mdogo, lete mkoba nikubebee." Akaubeba kichwani, akanifuata hatua tatu nyuma, na njia nzima hakuacha kuigiza. Nyumbani aliutua, akaingia jikoni kupika. Hakunigombeza. Wala hakuigiza tena, hata tulipombembeleza. Akafa sijamwomba radhi, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Watoto wa siku hizi tunawacheka, lakini hawana haya ya kijinga kama yangu. Mjukuu wangu wa Houston hunirekodi nikikaanga maandazi, akawaonyesha mtandaoni watu asiowajua: "Huyu ni bibi yangu." Juzi nilipowatembelea alinisogezea simu usoni.

"Bibi, ile acting ya bibi yako, role yake best ilikuwa gani?"

Nikaukumbuka mkoba wangu kichwani mwa Bibi. Nikamwambia nimesahau.