Mabati Yaliyosimamishwa Ziwani

Jeruto alizaliwa Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, na alijua kushika mkono wa injini ya boti kabla hajaweza kusoma vizuri. Baba yake alikuwa akivusha watu na mbuzi kwenda visiwani. Alipoolewa alihamia Naivasha, akachuma maua kwenye mashamba mpaka mgongo ukakataa. Mume alipofariki, akarudia kazi aliyoijua. Mwanzoni wanaume wa Karagita, ufuoni mwa Ziwa Naivasha, walimcheka, mwanamke na injini. Kisha wakamwona akirudi na abiria wakavu siku ambazo wao walirudi wameloa chapachapa, wakaanza kumwita Kapteni.

Mwaka ule ziwa lilipanda likaingia mitaani Kihoto. Boti zilikuwa zikipita juu ya vichochoro, zinasimama mlangoni mwa nyumba, watu wanashusha vitanda kupitia madirishani. Hiram, fundi wa kuchomelea vyuma, alimwita ampeleke Kamere, upande wa kusini wa ziwa, kwa ndugu yake. Alikuwa na mkewe Wawira. Mtoto wao, Shiko, walikuwa wameshampeleka kwa nyanya yake.

Hiram alikuwa ameng'oa hata mabati ya paa lake. Alitaka kuyafunga wima ubavuni mwa boti.

"Boss, hizo mabati zinalala chini ama hatutoki," Jeruto alisema.

"Zitaumia zikikanyagwa."

"Zikisimama, upepo ndio utaendesha boti, si mimi."

Hiram alisonya, lakini akayalaza. Juu yake wakapanga magodoro, makochi na kabati. Wawira alikuwa na jicho moja lililovimba, na Jeruto aliliona, akageuza macho.

Walipotoka kwenye mafunjo, yale magugu mazito ya ukingoni, maji yalikuwa bado tulivu. Mchana ulipokolea, upepo ukashuka kutoka Mlima Longonot. Ziwa la Naivasha halina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na yamesongamana. Moja halijapita, jingine limeshafika. Njia ya Kamere iliyaleta ubavu wa kushoto. Kila mara Jeruto aliligeuzia wimbi pua ya boti, akalipanda kwa mshazari, kisha akarudi kwenye njia. Walikuwa wanakwenda upandeupande kama kaa, lakini walikuwa wanakwenda.

Rasharasha za maji zikaanza kulowesha magodoro. Hiram akainuka. Kabla Jeruto hajafumbua mdomo, alikuwa amevuta bati kutoka chini, akalisimamisha ubavu wa kushoto, akalifunga kwa kamba kwenye kabati. Akaongeza la pili.

"Laza hizo mabati!" Jeruto alipiga kelele. "Baba Shiko, laza!"

"Wewe mathe endesha boti. Vitu ni vyangu!"

Upepo ulipiga mabati yale kwa kishindo. Boti ikainama kulia, pua ikasukumwa mbali na upepo, na mkono wa injini, hata alipoukandamiza kwa uzito wake wote, haukuirudisha. Sasa walikuwa wamelala sambamba na mawimbi. Wimbi la kwanza liliingia likawafika vifundoni. La pili likamwangusha Wawira juu ya kochi. Jeruto hakuweza kuuachilia mkono wa injini. Akachomoa kisu cha samaki chini ya kiti chake, akamrushia Wawira.

"Kata kamba, dada! Kata ama tunakufa!"

Wawira alimtazama mumewe, akaitazama kamba. Akakata.

Bati la kwanza liliruka kama limepigwa teke. Ukingo wake ulipita kwenye mkono wa Hiram ukaupasua kutoka kiwiko hadi kiganja. La pili, lililokuwa bado limefungwa, likaburuta kabati zima likatumbukia nalo. Boti iliinuka, ikapumua, na pua ikaanza kurudi.

Hiram hakuangalia damu yake. Alimshika Wawira nywele, akampiga ngumi, akamwinamisha ukingoni, uso ukigusa maji. Jeruto aliachilia injini, akamkamata shati. Hiram akageuka, akaokota kasia, akampiga nalo mdomoni. Jeruto alisikia meno yakivunjika kabla ya kusikia maumivu. Wakati huohuo boti isiyo na mwendeshaji ilizunguka, wimbi likaipiga nyuma, na Hiram aliyekuwa amesimama na kasia juu akarushwa nje.

Alikuwa amekataa kuvaa jaketi ya kuokoa maisha.

Jeruto alirudi kwenye injini akitema damu. Wawira alikuwa amejishika pua.

"Mwache," Wawira alisema polepole. "Kapteni, mwache hukohuko."

Jeruto alimsikia vizuri. Lakini aligeuza boti.

Hakumwendea moja kwa moja. Angemfikia kutoka upande upepo unakotoka, boti ingesukumwa juu yake, na mapanga ya injini yangemchana. Alizunguka kwa mbali, akashuka hadi upande upepo unakoelekea, kisha akaelekeza pua upepo unakotoka na kumkaribia kwa mwendo mdogo. Alipofika ubavuni mwake alizima injini. Hiram aling'ang'ania ukingo kwa mkono mmoja. Wakamvuta ndani, wote wawili, Wawira akilia kwa hasira na kuvuta hivyohivyo.

"Ukiinuka tena," Jeruto alimwambia kwa mdomo uliojaa damu, "nakurudisha."

Hiram hakuinuka. Alilala kwenye maji ya sakafuni akitetemeka, mkono umefungwa kwa kitambaa cha mkewe. Jeruto aliachana na Kamere. Alielekea upepo unakotoka, mwendo ukipunguzwa juu ya kila wimbi ili pua isidunde, mpaka wakaingia chini ya ukingo wa Karagita, ambako nchi kavu iliukinga upepo.

Hiram alishonwa mkono hospitalini; vidole viwili havikukunjika tena. Wawira hakumngojea. Alimchukua Shiko akaenda kwa dada yake, mtaa wa Section 58, Nakuru. Jeruto alipiga ripoti kituoni, na Wawira alisafiri kutoka Nakuru kuja kutoa ushahidi. Mahakamani Hiram alisema ni upepo. Wawira akasimama akaeleza, bila kulia, upepo ulichofanya na alichofanya mumewe. Hiram alifungwa.

Siku hiyo wanawake wale wawili walikula nyama choma kibandani karibu na mahakama. Meno mapya ya Jeruto yalikuwa bado yanamsumbua, hakuweza kutafuna. Wawira alivuta sahani yake, akamkatia nyama vipande vidogovidogo, akamrudishia.

"Kula, Kapteni," akasema. "Inapoa."