Mbwa Asiyevuka Mfereji

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni, mvua ikiwa imetoka tu kukatika. Saa naijua kwa sababu kengele ya shule yetu ya msingi ililia saa kumi na moja kamili, na kutoka pale mpaka kwenye mabehewa mabovu ya treni, kwa miguu ya mtoto wa miaka kumi, ni dakika ishirini. Njia ile nimeitembea mara nyingi mno, siwezi kukosea.

Ninaikumbuka leo kwa sababu ya harufu. Kimya, mbwa wangu, ameingia kutoka kwenye mvua, amejikung'uta juu ya miguu yangu, akalala chini ya meza ninapoandika. Mbwa aliyelowa ananuka manyoya, moshi na ndagala wa zamani, wale dagaa ambao Mama huwauza na ambao harufu yao haijawahi kutoka nyumbani kwetu. Wageni hufunga pua. Mimi natabasamu, na hawaelewi, na mimi siwaelezi. Mdomoni nina maneno machache. Mengi yako kwenye kaye hii, daftari langu, na ninyi mnaoisoma ndio ninaowaambia kwanza.

Jumanne ile hatukuwa na mbwa. Tulisoma zamu ya mchana, kwa sababu asubuhi madarasa yalikuwa ya wakubwa. Kwenye behewa la mwisho alizoea kukaa kijana mmoja anayeitwa Shako, ndevu zimeshaota, miguu inaning'inia mlangoni kama ya mtu mwenye nyumba. Wasichana alikuwa anawachokoza kwa maneno. Siku ile hakusema neno. Aliruka chini, akashika mfuko wangu wa shule, kisha akashika mkono, akaanza kunivuta kuelekea upande wa pili wa behewa.

Sikupiga kelele. Hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko mkono wenyewe. Sauti ilikuja mpaka kwenye koo ikakaa pale, kama mgeni anayeona haya kuingia. Akatokea mama mmoja na beseni la mihogo kichwani, Shako akaniachia, akaanza kupiga mluzi. Nilifika nyumbani nimeshika mkono wa blauzi yangu nyeupe uliochanika, kama mtu aliyeokota kitambaa njiani.

Mama hakunigombeza. Aliushona ule mkono, akimaliza kila mshono kwa kuvuta uzi kwa nguvu. Papa alikuwa kazini Bendera, kwenye mtambo wa umeme, na nyumbani alikuja mara moja kwa mwezi. Mama mwenyewe saa zile za jioni alikuwa sokoni. Akamwita ndugu yake mdogo, Mujomba Kiza, aliyekuwa sentinele, mlinzi wa depo moja usiku, na mchana alishinda amelala. Mujomba akakubali kukatisha usingizi wake na kuja kunichukua kila jioni. Lakini mwezi wa tisa, akasema, atakuwa ameshaenda Manono kutafuta kazi ya migodi.

"Basi mwezi wa tisa mutoto ataenda Mpala kwa kambo yake," Mama akasema. "Mwaka moja bila masomo haiuwi muntu."

Kambo ni mama yake Mama, na ninampenda. Mpala ni kuzuri, ziwa liko mlangoni. Lakini binamu yangu Adela alipelekwa kule kwa mwaka mmoja, na nilipomwona tena alikuwa na jembe begani na mtoto mgongoni, na aliniuliza kama bado nakumbuka kugawanya kwa tarakimu mbili. Usiku ule nililala nikigawanya kwa tarakimu mbili.

Ni Mujomba aliyeleta habari ya mbwa. Mtu asiye na wa kutembea naye, alisema, atembee na mbwa. Kwake mambo yote ya ulinzi yalikuwa na kanuni, na kanuni zote alizijua yeye. Akanipeleka ufukweni kwenye vichanja ambapo akina mama wanaanika ndagala, kulikokuwa na watoto watano wa mbwa, wa miezi mitatu hivi, wakiishi kwa vichwa vya samaki. Kanuni ya kwanza, akaniambia, ni kumnyanyua mbwa kwa ngozi ya shingo. Akinyamaza, huyo atakuwa mkali. Akilia, mwache, huyo ni wa kufukuza kuku tu.

Akanyanyua wa kwanza, kimya. Wa pili, wa tatu na wa nne, kimya. Wa tano alilia kwa sauti ambayo akina mama wote waligeuka, mmoja akauliza kama tunachinja. Alikuwa jike mwekundu, sikio moja limesimama na lingine limechoka. Mujomba akamtupa kando kwa dharau.

Sasa nisikilizeni. Pale pale alipita mtu na kapu, mgeni, na watoto wale wanne hodari wakamkimbilia wakitikisa mikia. Yule aliyelia hakwenda. Alikuja akasimama mbele ya miguu yangu, amenipa mgongo, akamtazama mgeni mpaka akapotea. Sikumjua, hakunijua. Nikamwokota.

"Unaacha wanaume wanne unabeba jike la kulia?" Mujomba akaniuliza. "Espe, wewe njo utalilinda lile limbwa."

Sikumwachia. Nyumbani tukampa jina Kimya. Mujomba alitaka aitwe Mutajua, ili majirani wasikie wakati anaitwa, kama watu wengi wanavyofanya huku kwetu, mtu ana ugomvi na jirani anaumaliza kwa jina la mbwa. Mama akasema yeye hana ugomvi na muntu, ana ndagala za kuuza.

Lakini ua haukuwa wetu. Tulipanga kwa Bibi Zuhura, mjane wa Kiislamu, ambaye babu zake walikuja na biashara za ziwa zamani sana. Yeye aliswali barazani kwake, na mate ya mbwa yakimgusa ilibidi ajisafishe upya. Alitoka akamtazama Kimya kwa muda mrefu. Akasema hatatufukuza, kwa kuwa amesikia habari ya yule kijana. Ila kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na mfereji mdogo wa maji ya mvua.

"Siku atakayouvuka huo mfereji," akasema, "ndiyo siku atakayohama. Sisemi mara mbili."

Kabla sijafika kwenye mfereji, lazima niwaambie kosa langu, maana nisipoliandika litabaki linanitazama. Kanuni ya pili ya Mujomba ilikuwa pilipili. Mbwa wa kulinda, alisema, anafungwa kutwa nzima, na bukari yake, yaani ugali, inachanganywa na pilipili ya kutwanga, ndipo damu inachemka. Huku kwetu ukiuliza watu kumi, tisa watakuambia hivyo hivyo. Nilifinyanga tonge la bukari kwa mkono wangu mwenyewe, nikaweka pilipili katikati, nikampa Kimya. Alilipokea bila shaka yoyote kwa sababu lilitoka kwangu.

Alipiga chafya, akatoa povu, akasugua mdomo ardhini mpaka ukatoka damu kidogo. Kisha akaingia nyuma ya mapipa. Kwa siku tisa hakula kitu kilichotoka mkononi mwangu. Nikimkaribia, alikuwa mkali kweli, lakini kwangu mimi. Mujomba akafurahi, akasema dawa imeshika. Mimi nililia jikoni, moshi ukanisaidia kuficha.

Siku ya kumi niliacha kumfuata. Nilimfungua kamba, nikakaa chini karibu na mapipa, nikala bukari yangu polepole, kila tonge nikilikata nusu na nusu ile naiweka chini bila kumtazama. Nilikuwa naongea naye vilevile, kwa sauti ndogo sana, hadithi za darasani, nani kapigwa, nani kakosea maneno ya dikte. Ilichukua karibu wiki mbili. Jioni moja alikuja akaweka kidevu juu ya goti langu, akashusha pumzi kama mtu mzima aliyeamua kusamehe. Tangu siku ile sikio lake lililochoka linasimama ninaponong'ona. Mujomba akimpigia kelele, halisimami.

Ndipo tukaanza mfereji. Neno letu lilikuwa "basi", na nililisema chinichini. Kimya alikimbilia kuku wa Bibi, nikasema basi, akasimama ukingoni, nikampa kichwa cha ndagala. Asubuhi kabla ya shule, kila siku, mwezi mzima. Bibi Zuhura alikaa barazani na tasbihi yake akijifanya haoni.

"Mbwa huyu anasikia kuliko wajukuu zangu," akasema siku moja, si kwangu, ila kwa hewa.

Kilichobaki ni kigumu kuliko vyote. Mbwa wa kulinda lazima afundishwe na mtu wa kumtisha, mtu anayekuja na fimbo. Mujomba alijaribu, lakini Kimya alimjua, akamtikisia mkia. Watoto wa mtaani waliogopa. Nilikuwa nimekaa nimekata tamaa, Bibi Zuhura akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akachukua ufagio mrefu.

"Mwite asimame mbele yako," akaniambia. "Mimi ndiye jambazi."

Mama alikuwa anapepeta mchele, akaacha kupepeta. Bibi akaja upande wake wa mfereji akipunga ufagio na kukunja uso, na khanga ya kichwani ikamwanguka, hakuiokota. Nikasema "mbele". Kimya akaja mbele yangu, akabweka. Bibi akaenda kushoto, Kimya akaenda kushoto. Bibi akaja kulia, naye kulia, daima katikati yetu. Na kwa sababu Bibi hakutakiwa kuguswa hata na pumzi ya mbwa, kila Kimya alipotaka kuruka nilisema basi, naye akabaki amesimama, meno nje, miguu imepandwa ardhini. Tulifanya hivyo kila siku ya likizo kubwa mpaka ikaisha, kabla ya swala ya alasiri, wakati ambao Bibi hata hivyo alikuwa anakwenda kutawadha. Mujomba aliniambia tunamharibu, mbwa asiyeuma ni mbuzi. Bibi akamjibu kutoka barazani kwamba mbwa anayeuma hazeeki.

Mwezi wa tisa Mujomba akapanda gari la Manono. Mama akasema atanipa wiki moja ya kujaribu. Kitenge changu cha safari ya Mpala kilikuwa kimeshakunjwa juu ya sanduku, na kila asubuhi nilikiona. Sentinele wa shule, mzee mpole, alikubali Kimya alale kwenye kivuli cha ukuta mpaka kengele. Jumatatu, Jumanne na Jumatano behewa lilikuwa tupu.

Alhamisi Shako alikuwepo. Aliruka chini akiwa na fimbo, akasimama katikati ya njia.

"Nasikia mujomba yako alienda," akasema. "Na haka kambwa kanakula nini, daftari?"

Nikasema mbele, kwa ile sauti ndogo niliyonayo, na sidhani kama Shako aliisikia. Kimya aliisikia. Akasimama kati yetu. Shako akacheka, akainua fimbo juu kabisa, akingoja mbwa akimbie. Kimya hakuijali; ufagio wa Bibi ulikuwa mrefu zaidi. Shako akaenda kushoto, akamkuta. Akaja kulia, akamkuta. Hakurukiwa, hakuumwa, hakupewa nafasi ya kumpiga. Aliona meno tu, na macho yasiyopepesa. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake: alikuwa hajui la kufanya.

"Nipishe nipite," nikamwambia. Maneno mawili. Yalitoka madogo lakini yalitoka.

Akapisha. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa behewa, akasema nitoke na mbwa wangu. Sikukimbia. Nilitembea njia yote iliyobaki kwa hatua za kawaida, na Kimya alitembea nyuma yangu akigeuka geuka, na kama kuna siku nimejisikia mrefu katika maisha yangu, ni ile. Mama alizisikia habari hizo. Alikichukua kile kitenge juu ya sanduku, akakifunga kiunoni mwake, akaendelea kupika.

Nilikuwa mtoto, nikafikiri ushindi wote ni wa Kimya na wangu. Ilibidi nikue ndipo nielewe kwamba kama angemuuma Shako, mtaa mzima ungemfuata na mawe, ningempoteza mbwa na shule siku moja. Na mwaka juzi tu ndipo Mama aliniambia kwamba Bibi Zuhura mwenyewe alitolewa darasa la tatu, kwa sababu ya njia, na njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu. Yeye hajawahi kunitajia. Aliniletea ufagio.

Kesho yake, Ijumaa, niliamka mapema, nikamfunga Kimya kamba, nikaenda nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa akina Furaha, ambaye alikuwa ameachishwa shule tangu Pasaka kwa sababu ya behewa lile lile. Mimi ambaye sikuwahi kubisha hodi kwa mtu bila kutumwa, nilibisha. Mama Furaha akatoka na mikono ya sabuni, akaniuliza nani amenituma.

"Hakuna, Mama," nikasema. "Saa sita tunapita kumuchukua Furaha. Mimi na Kimya."