Mawe Meupe kwa Mume Wangu

Mume wangu tulimzika hapa Johannesburg, maana gharama ya kumrudisha kwao Bukavu, Kongo, ilitushinda. Mama yake alisema tu kwenye simu, "Mulimuzika kama mugeni," akakata. Tangu hapo hakupokea tena simu zangu, nami sikurudi makaburini. Niliona aibu.

Jirani yangu hapa mtaani Doornfontein anatoka Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki. Aliolewa na mtu wa hapa. Sisi wa Kiswahili tunakutana kila kona. Yeye hana hata mmoja wa kuongea naye lugha yake. Hata watu wa visiwa vya jirani na kwao, aliniambia, wana lugha zao nyingine. Kwa hiyo lugha yake anaiongea na sufuria tu. Mimi naye tunasaidiana kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Siku moja tukianika nguo akaniuliza, "Dada, mlishatandaza mawe?"

"Mawe gani?"

Akaeleza kwamba kwao, siku chache baada ya maziko, ndugu na majirani hurudi kaburini na changarawe nyeupe za ufukweni, wakazitandaza kwa mikono, wakaimba. Hapo ndipo maziko yanakwisha.

"Miezi imeshapita," nikasema.

"Kwani amekwenda wapi? Anakungoja."

Ufukwe hapa hakuna. Tulinunua mfuko wa mawe ya bustani, tukaukokota hadi kwenye teksi.

"Eish! Mumeo alikuwa mnene?" jirani akatania akihema.

"Mwembamba!"

"Basi yatamtosha."

Udongo wa kaburi ulikuwa umetitia, magugu yameota. Tukang'oa, tukaanza kutandaza. Akasema tuwawekee na wasiokuwepo, konzi moja kwa kila mtu. Nikawawekea wadogo zake, nikawawekea rafiki zake wa kazini. Ilipofika zamu ya mama mkwe, niliona siwezi kumwekea bila ruhusa yake.

Nikampigia kwa video. Sijui kwa nini siku hiyo alipokea. Nikamwonyesha kaburi, nikamweleza kwamba kila mtu anawekewa konzi yake ya mawe. Jirani yangu alikuwa ameshaanza kuimba kwa lugha yake, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake pale nyumbani.

"Nani anaimba?" mama mkwe akauliza.

"Jirani, mama. Kwao ni mbali sana."

"Anasema nini?"

"Sijui, mama."

Akasikiliza. Nilimwona akijifuta uso kwa kitenge.

"Umwambie asiache," akasema. "Na yangu umuwekee, mwanangu."