Minza na pacha wa ile nyekundu ya Mzee Joakim

Ndiyo kwanza kunapambazuka Bariadi, na mashine ya kukereza vyuma ya Minza Ngeleja tayari inaunguruma. Amejifunga kitenge juu ya suruali ya kazi, miwani imeshuka puani. Mbele yake kipande cha shafti kuukuu kutoka kiwanda cha kuchambua pamba kinazunguka kwa kasi, kikimwaga nyuzi za chuma zinazong'aa.

"Usisimame hapo, vitakurukia machoni," anamwonya mwandishi wa makala hii bila kugeuka.

Kipande kile kinageuka bushi ya gari, pete inayokaa kiungoni. Si ya lori la pamba, wala ya noah ya abiria. Ni ya MG, gari dogo la michezo la Kiingereza, viti viwili, turubai juu, lililotengenezwa mwaka 1967. Na liko hapahapa, chini ya bati la gereji, jekundu, fupi mno hata kuku anaweza kulivuka akiamua.

Kila baada ya muda Minza anainua uso kutazama barabara ya Meatu. Leo ni Ijumaa. Kesho gari hili linatakiwa kwenda kanisani, na bado halina kitu kimoja.

Gari ni la Mzee Joakim Masunga, bwana shamba mstaafu. Aliachiwa na mtaalamu wa pamba wa Kiingereza aliyerudi kwao, na mwaka 1975 akamchukulia humo bibi harusi wake, Philomena. Kesho wazee hawa wanaadhimisha jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Jumatatu Mama Philomena anakwenda Mwanza kukatwa mguu wa kushoto. Kisukari kimeushinda, na daktari amesema hausubiri.

"Aliniita akaniambia, Minza, ng'wanone, mwanangu, nataka nilipande lile gari kwa miguu yangu miwili. Nikamjibu utalipanda," anasimulia Minza. "Yaani nilijibu kabla hata sijafungua boneti! Mdomo huu nao una mambo yake."

Alipoifungua akaona balaa. Gari lilikuwa limelala bandani miaka mingi. Mpira ulikuwa umekauka, bushi zimeliwa, nati zimeganda.

Hayo hayakumtisha. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba, mitambo ya zamani ya Kiingereza, akamwachia binti yake sanduku la spana za inchi. Spana za siku hizi zinateleza kwenye nati za MG, zile za kiwandani zinashika barabara. Mwandishi alijaribu moja kwa mkono wake, na kwa kweli alibaki kushangaa. Mashine ya pamba na gari la starehe, kumbe wamenyonya ziwa moja!

Kilichomkwamisha ni kabureta. Injini ya MG ina mbili, zinazofanana, zimekaa bega kwa bega. Moja haikuwepo. Nani aliing'oa, lini, hakuna ajuaye.

"Hicho huwezi kukereza ukapatia," anasema Minza. "Ndani kuna pistoni inapanda na kushuka kwa kupumua tu. Ikizidi unene wa unywele, imekwama."

Alipiga simu Dar es Salaam na kutuma picha. Muuza vipuri mmoja akamuuliza kama gari wamelitoa makumbusho. Kuagiza Uingereza kungewezekana, ila mzigo ungefika wakati Mama Philomena ameshatoka hospitali.

Basi Minza akafanya kama wafanyavyo watu wa huku anapopotea ng'ombe. Akaenda mnadani, akawapa habari wachungaji na wachuuzi wa mifugo, nao wakaondoka nayo kila mmoja na njia yake. Habari yenyewe ilikuwa fupi, bila kutaja gari wala kabureta: Minza wa gereji anatafuta pacha wa ile nyekundu ya Mzee Joakim.

Wiki iliyopita pacha akaletwa. Alikuwa na pembe.

"Natoka nje namkuta mtu ameshika kamba, na mtamba mwekundu, kapendeza kweli," anasema Minza, na hapo anazima mashine ili acheke vizuri. "Ananiambia, mayu, mama, huyu kazaliwa pacha, mwenzake alikufa, na rangi ndiyo hiyohiyo uliyosema. Katembea naye kutoka Meatu! Nilikaa chini, mwenzangu. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana yule baba hakuwa anacheka."

Mtu huyo ni Limbu Shija, mfugaji. Minza alimpa uji, akamvuta mpaka kwenye injini na kumwonyesha pacha aliyebaki. Limbu akainama, akakipapasa kile kidude chenye kifuniko cha shaba kichwani.

"Hiki kinafunga zizi langu," akasema.

Marehemu baba yake Limbu alikuwa mlinzi wa yadi moja ya watengeneza barabara, ambako gari kama hili lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Alichookota akakifunga kwenye kamba ya geti la zizi, kiwe uzito wa kulivuta lijifunge lenyewe. Kimening'inia hapo miaka thelathini na zaidi, mvua na jua, kikipigwa teke na ng'ombe.

Mchana wa Ijumaa hii Limbu, aliyekuwa amerudi kwao kukifungua, anatokea na bodaboda, mfuko wa sandarusi mapajani.

"Mwadila, mayu," anasalimu. Kisha moja kwa moja: "Na geti langu? Fisi hawajui jubilei."

Fedha haitaki. Anataka uzito uleule. Minza anachukua kabureta mpaka bucha ya jirani, anaipima kwenye mizani ya nyama, anarudi kukata shafti na kuitoboa tundu la kamba. Limbu anaupima kwa mkono, anatikisa kichwa kukubali. "Wabeja," anasema, ahsante, lakini haondoki. Naye anataka kuona.

Minza anakwangua samadi iliyokuwa ngumu kama saruji. Anafungua kifuniko, anaosha kwa mafuta ya taa, anafuta kwa kipande cha khanga. Anaiingiza pistoni mahali pake na kuinyanyua kwa ncha ya kidole. Hata fundi wa mapanchari ameacha kazi, anatazama. Anaondoa kidole.

Pistoni inashuka taratibu, laini, bila kusita, na chini kabisa inagonga: tk.

"Jamani!" anasema Minza, machozi yakimtoka waziwazi. "Jamani, wewe umekaa zizini!"

Mwandishi huyu ameandika habari za viwanja vya ndege na madaraja makubwa. Hajawahi kusisimkwa mwili kama kwa mlio ule mdogo. Jioni injini iliwaka, ikakohoa moshi, ikatulia, na Mzee Joakim akavua kofia yake kama aliyeingia kanisani.

Jumamosi asubuhi Mama Philomena anatoka na gauni jeupe, mguu wa kushoto umefungwa bendeji. Mumewe ananyoosha mkono. Anaukataa.

"Niache, Joakim. Nitakushika nikichoka."

Anashika mlango. Mguu wa kulia unaingia. Anajishusha polepole kwenye kile kiti cha chini, uso umekunjamana kwa maumivu, kisha anauinua ule wa bendeji mwenyewe, anauweka ndani karibu na mwenzake. Anavitazama viatu vyake viwili kwa muda mrefu. "Haya, twende," anasema, na vigelegele vinafunika mlio wa injini.

Baada ya misa, watu wakicheza uwanjani, Minza haonekani. Mwandishi anamkuta amechuchumaa kando ya gari na futi ya chuma, anapima upana wa mlango, halafu urefu wa kiti kutoka sakafuni.

"Kiti hiki kinatazama mbele tu," anasema. "Nitakitia beringi chini, kigeuke mpaka nje, kimpokee palepale aliposimama. Akirudi na mguu mmoja, nataka akikute kinamsubiri."