Nyaya Mbili za Sauti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu alipofika kwangu mjini, mtaa wa Area D, akitokea kijijini Busi, na kidumu cha asali na kanda ya video aliyoifunga ndani ya kanga. Ilikuwa kanda ya harusi ya dada yangu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mle ndimo alimobaki akitembea na kusema. Mama alisafiri siku nzima kwa jambo moja tu, kumsikia mumewe.

Mimi nilikuwa nimenunua deki, wa kwanza mtaani. Majivuno yalinijaa pomoni, astaghafirullah. Nikachomeka waya wa njano, picha ikaja safi. Nyaya mbili za sauti, mwekundu na mweupe, sikuona pa kuzichomeka. Baba akatokea na kanzu yake, midomo inacheza, sauti hakuna.

"Saidi, mbona hasemi?"

Nikahangaika nyuma ya televisheni mpaka jasho likanitoka. Mama akasema kwa upole, "Muite jirani yako, yule fundi redio. Kuuliza si ujinga, baba."

"Ala! Mimi nishindwe na nyaya, mama?" Kisha, ili nisiaibike, nikatamka neno linaloniwasha ulimini hadi leo: "Kanda ndiyo mbovu. Sauti imeshafutika."

Aliniamini. Akasogeza kigoda karibu na kioo. Pale baba alipogeuka na kupunga mkono, akauliza, "Hapo anamwita nani? Siku ile mimi nilikuwa jikoni." Nikasema sijui. Kesho yake akarudi Busi, kanda akaniachia.

Mama hakuja tena. Tulimzika msimu wa mavuno. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha makaburini. Baada ya matanga, yule jirani fundi alikuja kunipa pole, akanikuta naitazama kanda ile, nyaya mbili zinaning'inia. Akapapasa ubavuni mwa televisheni, akafungua kifuniko kidogo, akachomeka. Dakika haikuisha.

"Si ungeniita tu, bwana?"

Baba akageuka, akapunga mkono, na sauti yake ikajaa sebuleni: "Mama Saidi! Acha masufuria, njoo ukae nami!"

Nililia kama mtoto. Hapo, mama, alikuwa anakuita wewe. Nimelisema hilo kaburini kwake mara nyingi, lakini kaburi halijibu.

Siku hizi mna waya mmoja unaobeba yote, na wengine hamna haja hata ya waya. Aibu ya kutojua lakini ni ile ile. Usipojua, mwanangu, sema sijui, ukabishe hodi kwa anayejua. Mlango wa jirani haumli mtu. Wala usilinde jina lako kwa uongo mbele ya mzazi, maana yeye atakuamini.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza, akutunzie wazee wako, na kila wanachotamani kusikia wakisikie wangali hai. Amin.